Vyungu Viwili Chini ya Paa Moja

Mwezi uliopita niliutundika mwiko wangu ukutani, nikakabidhi jiko. Macho yangu yamekula moshi wa misimu kumi na tisa ya mvua, na siku hizi nikitazama mbali naona nyumba mbili mahali penye nyumba moja. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kupeleka chakula nyumba hadi nyumba, huo ni ugonjwa unaomaliza uwele upesi.

Asha, wewe na wenzako mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa kabla yenu. Ninaandika kwa utaratibu, kuanzia mwanzo, kwa kuwa sijui namna nyingine. Lakini nawaonya mapema kwamba miaka ile haiji kwangu kwa utaratibu. Inakuja kama uwanda wetu unavyokuja alfajiri ya kipupwe, wakati vumbi la jana bado liko hewani: miti inaelea bila mashina, ng'ombe wanatembea bila miguu, na nyumba za tembe, ambazo kwa kawaida huwezi kuzitofautisha na ardhi, zinajitokeza moja moja kama watu wanaoamka.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Mume wangu alikuwa mchunga punda wa misafara. Alinileta Dodoma kabla ya reli, wakati ambapo Dodoma ilikuwa visima, tembe chache na uwanja wa kupumzikia wapagazi. Akaenda pwani na msafara mmoja, na msafara ule ukarudi bila yeye. Waliorudi walinipa habari tatu zisizolingana kuhusu alikobaki, nikaamua kutochagua hata moja. Nilikuwa na binti wa miaka miwili mgongoni na unga wa siku mbili.

Siku ya tatu nilikwenda kwa Bi Mauwa. Kila mtu alijua kwamba mwanamke yule Mnyamwezi, aliyekuwa akiwapikia wapagazi tangu ujana wake, sasa alipika chakula asubuhi na kukipeleka kwenye nyumba zilizopungukiwa. Nilifika mlangoni kwake kuomba. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, maneno mazuri, yenye dua ndani yake.

"Shikamoo, Bi Mauwa."

"Marahaba. Mikono yako inaungua haraka?"

"Sijui."

"Basi shika hapa tujue."

Akanipa mwiko mrefu kama jembe, akanisimamisha mbele ya chungu cha ugali. Nilisonga mpaka jasho likaingia machoni. Binti yangu alilishwa na mtu nyuma yangu, sikumwona ni nani, nilisikia tu anacheka. Ugali ulipoiva Bi Mauwa alibonyeza kwa kidole, akasema, "Huu ni wa kuliwa hapa hapa. Ukitembea na huu hadi kwa mgonjwa utafika umekuwa uji. Ongeza unga, songa tena." Maneno yangu yenye dua sikuyatumia kamwe. Nadhani bado ninayo.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi, na ndivyo nilivyopata somo la kwanza: chakula cha kupelekwa si sawa na chakula cha kukaa nacho. Ugali wa njiani uwe mgumu kuliko wa nyumbani, na uufunike na kawa, si kitambaa, kwa sababu kitambaa hunyonya joto. Mlenda usafiri peke yake. Uji wa wagonjwa utie kwenye kibuyu, nawe kizibo ukifanye kwa nyasi mbichi zilizosokotwa. Kizibo cha mti hutoka ukijikwaa. Ngata ya kichwani iloweshe maji kidogo wakati wa upepo. Upepo wa hapa mnaujua. Ukitembea nao usoni, tembea kwa hatua fupi na usiongee, maana kila neno utakalotoa utalipwa kwa vumbi.

Bi Mauwa hakuwa tajiri. Alipokuwa mtoto aliugua homa njiani na msafara ukamwacha, kama misafara ilivyofanya kwa waliokuwa wazito kubebwa. Mwanamke mmoja wa Kigogo alimwingiza ndani, akamlisha uji wa uwele kwa kijiko cha kibuyu mpaka akasimama. Bi Mauwa hakujua jina la mwanamke yule. Hakuweza hata kuikumbuka nyumba, maana aliiona akiwa katika homa na baadaye kila tembe ilifanana nayo. "Kwa hiyo napeleka kote," alisema. "Siku moja nitapatia."

Nafaka ilitoka kwa wanawake wa mji. Kila mwenye nyumba, kabla ya kutia unga kwenye maji, alitoa konzi moja akaiweka kwenye chungu cha pembeni, na sisi tulipita kukusanya. Wachinjaji walitupatia vichwa na mifupa. Misafara iliyopita salama ilituachia kilichobaki. Ninyi mmeikuta desturi hiyo imeshakuwa kitu cha kawaida, lakini ilichukua miaka ya Bi Mauwa kusimama mlangoni mwa watu, akikohoa mpaka waone haya.

Kumbukumbu ya nyumba zetu ilikuwa uzi. Bi Mauwa hakujua kusoma. Alikuwa na uzi wa katani wenye mafundo, fundo moja kwa kila chungu kinachotoka, na kila asubuhi aliupitisha vidoleni kama tasbihi, akivitaja vyungu. Fundo kubwa ni nyumba yenye watoto wengi. Fundo lenye kipande cha ngozi ni mgonjwa. Mimi nilikuwa na haraka ya kujua kila kitu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani Kondoa, na nilijifunza herufi za Kiarabu nikiwa nje ya ukuta, kwa masikio kwanza, kwa kijiti mchangani baadaye. Herufi za Kizungu nilizipata peke yangu kutoka kwenye magunia na masanduku yaliyokuwa yakishushwa bomani kwa Wadachi, yaani Wajerumani. Neno la kwanza nililolisoma lilikuwa sabuni, kwa kuwa lilinukia. Kwa hiyo nilipouona ule uzi niliuona kama kitu cha kizamani, ingawa niliuheshimu. Nilikuwa naamini kwamba mtu anayeweza kuandika anaona zaidi.

Sasa nifike kwenye mwaka ninaotaka mjue habari zake.

Mvua ilinyesha mara mbili, ikaacha. Uwele ulitoka ukafika magotini, ukageuka rangi ya nywele za mzee. Ng'ombe walianza kulala mchana. Watu wa Haneti na vijiji vya mbali walihama kufuata jamaa zao, na kila siku uwandani ulionekana mstari mwembamba wa watu wakija polepole, na mwanga ule mweupe wa mchana ukiwatetemesha mpaka usijue wanakuja au wanakwenda. Mwaka ule wote naukumbuka hivyo, kama kitu nilichokiona nikiwa nusu macho. Tulikuwa tunaamka, tunapika, tunatembea, tunarudi. Njaa ya watu wengi ina ukimya wake. Hata mbwa waliacha kubweka, nadhani waliona hakuna cha kulinda.

Upande wa magharibi wa visima palikuwa na nyumba ya mtu aitwaye Ndahani, Mgogo, mrefu, mwenye masikio yaliyotogwa, aliyekuwa amebakiwa na ng'ombe wawili na wimbo wa kumsifu kila mmoja aliyekufa. Mkewe aliitwa Mbeleje, na watoto wao walikuwa wanne. Bi Mauwa na Ndahani walikuwa watani, Mnyamwezi na Mgogo, na kila tulipofika na chungu tulisimama kidogo wakamalizana kwanza.

"Mbukwa, Mnyamwezi! Mizigo ya wenye misafara imeisha mgongoni, umejitafutia ya kichwani?"

"Mbukwa, Mgogo! Nimekuletea chakula ukafe umeshiba. Hao ng'ombe wako wawili nitawarithi mimi."

"Hawakutaki. Wanasema unanuka moshi."

"Na wewe unanuka wao. Toa mkono ushike chungu."

Kwenye nyumba ile Bi Mauwa alipeleka vyungu viwili. Kimoja kikubwa kiliingia kwa mlango wa mbele. Kingine kidogo, cheusi, kilichovunjika ukingo upande mmoja, alizunguka nacho mwenyewe nyuma ya nyumba, penye mlango mfupi wa chumba cha ndama. Ndama hawakuwapo tena. Mle ndani alikaa mama yake Mbeleje, Bibi Nyemo, aliyekuja kutoka Haneti akiwa amebaki peke yake nyumbani kwake. Kwa desturi mama mkwe hakai kwa mkwe wake. Lakini njaa ilikuwa imemleta, basi walimwekea chumba chenye mlango wake upande wa pili, asikutane na Ndahani uso kwa uso.

Bibi Nyemo hakurudisha chungu kitupu hata siku moja. Kwetu sote chombo cha jirani hakirudi kitupu, mnajua, lakini mwaka ule watu wote walikuwa wamesamehewa. Yeye hakujisamehe. Ndani ya chungu kilichooshwa tulikuta punje za chumvi ya mbugani, au vijiti vya kuwashia moto vilivyofungwa kwa uzi wa nyasi, au unyoya mmoja wa kanga. Bi Mauwa aliviweka vyote rafuni, hata unyoya. Mimi niliona tunaongezewa vitu vya kufuta vumbi.

Kisha nafaka yetu ikafika chini ya gunia. Bi Mauwa alisikia kwamba watu wa kijiji cha Mlali walipata mavuno kidogo pembeni ya milima, akaondoka na punda watatu kwenda kuomba. Alinivalisha ule uzi shingoni. "Utapika wewe," alisema. "Usipunguze chumvi na usipunguze maamkizi." Akaondoka.

Nilipika kama nilivyofundishwa. Siku ya nne nilipima unga uliobaki na siku zilizobaki, nikaona havikutani. Nikakaa chini na uzi mapajani, nikaanza kufikiri kama mtu aliyesoma. Je, kuna nyumba inayopata mara mbili? Vidole vyangu vikafika kwa Ndahani. Mafundo mawili, paa moja. Vyungu viwili maana yake ni unga unaopotea mara mbili, safari ya kuzunguka nyumba, na mabaki yanayoshikamana na kuta za vyungu viwili badala ya kimoja. Niliamua kuunganisha. Ningeongeza kidogo kwenye chungu kikubwa, na bibi angekatiwa humo. Nilifungua fundo dogo. Lilikuwa gumu, nikatumia meno.

Nataka niwe mkweli hapa. Sikuwa mgeni wa heshima ya ukwe. Hata kwetu Kondoa mkwe anaheshimiwa, na mtu hali mbele ya mama mkwe wake. Nilichokuwa sijui ni kwamba kwao heshima ile inaingia mpaka ndani ya chungu. Chungu kikishapita mlango wa mwenye nyumba ni chungu chake, na kilichomo ni chakula chake hata kabla hajanawa, na mama mkwe hawezi kukitia kinywani. Bi Mauwa hakunieleza kwa sababu kwake hilo lilikuwa halielezwi, kama vile huelezi kwamba maji ni ya kunywa. Nami sikuuliza kwa sababu nilikuwa nimekwisha hesabu.

Siku ya kwanza Mbeleje alipokea chungu, akatazama nyuma yangu.

"Ni hicho tu, dada?"

"Nimeongeza humo. Mkatie na mama."

Alisimama kidogo. Upepo ulikuwa unazungusha kanga yake miguuni. Akasema, "Asante, dada. Mungu akuongeze." Akaingia.

Niliuhisi ule muda mfupi aliosimama. Nimeuhisi miaka yote tangu siku ile. Lakini mtu anayelishwa hasemi chumvi imepungua, na mtu anayelisha, akiwa na haraka, hupenda kushukuriwa upesi aende zake.

Chungu kilirudi kikiwa safi. Siku ya pili safi, ya tatu safi. Nilifurahi. Kwangu chungu kilichokwanguliwa kilikuwa ushahidi wa watu walioshiba. Niliona pia kwamba hakuna tena unyoya wala vijiti ndani, nikasema moyoni, afadhali.

Bi Mauwa alirudi siku ya kumi na mbili, saa za asubuhi. Nakumbuka punda walitokea kwanza bila watu, vichwa vitatu juu ya vumbi, halafu sauti yake ikiwatukana. Walibeba uwele. Nilitaka kulia kwa furaha, pia nilitaka anione nilivyolilinda jiko. Hata maji hakunywa. Alininyooshea mkono, nikamvulia uzi, akaanza kuupitisha vidoleni akiwa bado amesimama, akitaja, huku wanawake wakishusha magunia. Akafika mahali akarudi nyuma. Akafika tena akarudi.

"Fundo la mama mkwe liko wapi?"

"Nimeliunganisha na la Ndahani. Nyumba ni moja, Bi Mauwa. Unga ulikuwa—"

"Lini?"

"Leo siku ya nane."

Hakunigombeza. Ningependa kuandika kwamba aligomba, maana ingekuwa rahisi kukumbuka. Alikwenda rafuni, akachukua kile chungu kidogo cheusi, kilichokuwa na vumbi la siku nane, akakiosha mwenyewe. Uji wa mgonjwa mwingine ulikuwa jikoni. Akachota humo, akauongezea maji ukawa mwepesi kama maziwa, akatia chembe ya chumvi, chumvi ile ile ya Bibi Nyemo iliyokuwa rafuni. "Beba," akaniambia. "Usimwage."

Tulitembea. Ile njia ya kwenda magharibi ya visima nimeipita mara nyingi kuliko njia yoyote duniani, lakini siku ile haikuisha. Jua lilikuwa limetandaza lile ziwa lake la uongo mbele yetu, na nyumba ya Ndahani ilikaa katikati ya maji yale, ikirudi nyuma kila tulipoisogelea. Nilibeba chungu kwa mikono miwili kifuani, si kichwani. Bi Mauwa alikuwa mbele akichechemea, na hakugeuka hata mara moja.

Ndahani alikuwa ameketi uani. Nilishtuka. Kwa siku nane nilikuwa namkabidhi Mbeleje chungu bila kuuliza mwenye nyumba anaendeleaje. Alikuwa amekonda kuliko nilivyomwacha. Masikio yake yaliyotogwa yalining'inia kama kamba tupu. Watoto tu ndio walikuwa na afya.

"Mbukwa, Mnyamwezi," alisema. Hakuongeza utani.

"Mbukwa. Mbona umekuwa mwembamba, Mgogo? Unakula au unaimba tu?"

Alichora mstari ardhini kwa fimbo. Kisha akasema, akitazama mstari, "Siku hizi naacha kwenye chungu."

"Unamwachia nani?"

Mtu hamtaji mama mkwe wake. Alielekeza fimbo polepole, si kwenye chumba cha ndama, bali kando yake, kwenye hewa. Hapo ndipo nilipoelewa sehemu ya kwanza. Alikuwa anakula nusu, akitumaini njaa imeishinda ile heshima, na kwamba nusu nyingine inafika nyuma. Nayo ilifika. Mbeleje alikuwa akichota, akizunguka na bakuli, na mama yake akilisukuma lirudi. Watoto wakamaliza. Chungu kikarudi safi.

"Amka basi," Bi Mauwa alimwambia kwa sauti yake kubwa ya kutukana punda. "Amka uende ukawaangalie hao ng'ombe wangu wasife kabla sijawarithi. Wanawake wana shughuli hapa. Nenda, Mgogo mvivu wewe! Umekaa kama jiwe la figa!"

Mtu mwingine asingeweza kumfukuza mwanamume nyumbani kwake. Mtani aliweza. Ndahani alisimama kwa kushika ukuta, na nikaona kwamba alikuwa akitabasamu, na kwamba macho yake yalikuwa na maji. Akatoka kwa upande ambao mlango wa nyuma hauonekani.

Tulizunguka. Mbeleje alikuwa ameketi mlangoni pa chumba cha ndama, na aliponiona alifunika uso. Ndani palikuwa na giza lenye harufu ya samadi kavu ya zamani. Bibi Nyemo alilala ubavu juu ya ngozi, mdogo kama nguo iliyokunjwa. Niliinama pale mlangoni na chungu mikononi. Nilidhani tumechelewa. Kisha macho yake yakafunguka, yakakitazama chungu, yakatazama ukingo wake uliovunjika kwa muda mrefu.

Aliuliza kwa Kigogo, na Mbeleje akanifasiria kwa sauti ya chini: "Anauliza kimeingia kwa mlango gani."

"Kwa huu," nikasema. "Mwambie hakijapita mbele. Mwambie nimekibeba mwenyewe kutoka jikoni, na hakijagusa mlango mwingine."

Bibi alisikiliza. Akasema tena neno.

"Anasema, kwa hiyo yule wa mbele chake hakijapunguzwa?"

Hilo ndilo lililokuwa likimlaza njaa. Si mwiko wa ukwe peke yake. Hakutaka kuwa mama mkwe aliyekula kwenye sahani ya mume wa binti yake mwaka wa njaa, mpaka watoto wa nyumba ile wakumbuke kwamba bibi alipokuja baba alikonda.

"Hakijapunguzwa," alijibu Bi Mauwa kwa Kigogo, na hata mimi nilielewa. "Kuna uwele kutoka Mlali. Kunywa, mama. Mimi nililishwa na wenu nikiwa sina hata jina la kuwaambia."

Nilimwinua kichwa. Kilikuwa chepesi kama kibuyu. Alikunywa vijiko vitatu akapumzika, viwili akapumzika. Tulikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikahama. Katika kumbukumbu yangu hata upepo ulisimama, jambo ambalo wote tunajua haliwezekani hapa.

Kwa siku nyingi nilikwenda mara tatu kwa siku. Uji mwepesi, kisha mzito kidogo, kisha mzito. Hili liandikeni vichwani: aliyekaa na njaa asipewe ugali siku ya kwanza hata akiulilia, tumbo lake limesahau kazi. Kila nilipokichukua chungu kile kutoka mlangoni kilikuwa kitupu. Hakikuoshwa hata. Nilikitazama ndani kila siku, mimi niliyekuwa nimechoka na manyoya. Bi Mauwa alikitazama pia.

Jioni ya kwanza kabisa baada ya kurudi kutoka kwa Bibi Nyemo, Bi Mauwa aliniwekea uzi mapajani. "Funga," alisema. Nilifunga fundo dogo mahali pake. Aliuvuta kwa nguvu pande zote mbili kuona kama litafunguka.

Siku ya kumi na sita tangu uji ule wa kwanza, kile chungu kilirudi kimeoshwa. Ndani palikuwa na mswaki mmoja, umechongwa vizuri, ncha yake imetafunwa kidogo kulainishwa. Bi Mauwa aliugeuzageuza kwenye mwanga.

"Amesimama," alisema. "Amefika mpaka kwenye mti."

Tangu hapo niliacha kuhesabu paa. Nikifika kwenye nyumba mpya nilikaa kwanza, nikasalimia, nikauliza nani anakula na nani, nani hali na nani, na nani hajatajwa. Maswali hayo yanachukua asubuhi nzima, na uji unapoa. Acheni upoe. Baadaye niliandika majina kwenye karatasi, lakini uzi sikuutupa, na ninyi mmeuona ukining'inia juu ya mafiga. Lile fundo dogo mnalouliza kwa nini limekaza kuliko mengine, ni hilo.

Mvua ilirudi. Bibi Nyemo aliishi misimu mingine sita, akala kwa mlango wake. Bi Mauwa alitutoka mwaka ambao reli ilikuwa inakaribia, akilalamika mpaka mwisho kwamba gari moshi litawanyima wapagazi kazi na wapagazi watakuja kula kwetu. Alikuwa sahihi. Tulipika zaidi. Alfajiri nyingine nilisikia filimbi ya gari lile kutoka mbali sana, uwanda wote bado umelala, nikawa na hisia kwamba ni Bi Mauwa anawatukana punda.

Nilidhani habari yangu ingeishia hapo. Lakini juzi, nikiwa nimeketi uani kwangu bila kazi, jambo ambalo bado sijalizoea, nilimwona mtu anakuja na mzigo kichwani. Kwa macho yangu walikuwa wawili. Alipokaribia akawa mmoja, Mbeleje, nywele zimeingia mvi.

"Mbukwa, dada. Tumesikia umeacha kupika. Tukasema, sasa nani anampikia?"

Akateremsha chungu kikubwa cha ugali na kuku, akavua ngata. Kisha kutoka kwenye kikapu mkononi akatoa chungu cha pili, kidogo. Mnajua kwamba ninaishi na binti yangu na mumewe. Mbeleje hakuuliza. Alizunguka nyumba, akatafuta mlango wa nyuma, akakiweka kile kidogo hapo, upande wangu. Kikubwa akampa binti yangu kwa mlango wa mbele.

Mkwe wangu ni mtu wa Kondoa, hali mbele yangu, lakini tungegawiwa kutoka chungu kimoja bila yeye kuona kitu. Sikusema hivyo. Nilikwenda nikaketi nyuma ya nyumba, nikala peke yangu polepole, nikasikia wao wakila upande wa pili wa ukuta.

Baada ya kula nilikiosha kile chungu, nikakianika. Halafu nikasimama kutafuta cha kutia ndani. Nyumba yangu si ya njaa. Pana maharage, pana chumvi, ningeweza kujaza. Lakini kila nilichoshika niliona hakifai, ni cha gunia, hakijatafutwa. Nikatoka uani, nikainama, nikaanza kuzunguka uzio na macho yangu haya mabovu, nikiisogelea ardhi kama anayetafuta sindano. Jua likahama. Nilizunguka mara tatu. Mgongo uliniuma, nami nilikuwa nimeshiba kuku.

Karibu na mizizi ya mkwaju niliuona, nikaugusa kuhakikisha kwamba ni mmoja na si wawili. Unyoya wa kanga, wenye madoa meupe. Niliupuliza vumbi, nikauweka ndani ya chungu, nikakifunika.